Ufuta Unaondoka, Baridi Inabaki

Kila mwaka katikati ya Januari kaya nyingi za India husherehekea Makar Sankranti, siku ambayo jua huhesabiwa kuwa limegeuza njia. Baridi bado ipo, na kitu kinachopita mkono kwa mkono siku hiyo ni vidonge vya ufuta vilivyoshikanishwa kwa sukari guru. Wenyewe husema ufuta unatia joto mwilini. Mama wa Saza, huku kwetu wilaya ya Songwe, akiwekewa kidonge hicho kiganjani hahitaji kuelezwa: ni kashata. Ufuta wenyewe anaujua tangu kupanda hadi kupepeta, na pengine mgongo wake unaujua zaidi. Asichokuwa nacho, kipupwe kikiingia Juni, ni ufuta wa kukaanga. Aliouvuna Mei na Juni umeshapita kwenye mizani, umeingia ghalani, umepigwa mnada, na uko safarini kwa wanunuzi wa Asia, India ikiwamo. Baridi ya Saza, kwa upande wake, ndiyo kwanza inaanza.

Mkasa huu mdogo wa ufuta unaeleza suala la kinga ya mwili wakati wa kipupwe vizuri kuliko makopo yote ya unga wa manjano yaliyopangwa madukani. Wauza chupa wa kwenye mabasi, matangazo ya redio na maduka ya tiba mbadala yanatwambia kinga ni bidhaa, mtu anainunua mafua yakishaanza. Ayurveda, elimu ya kale ya India ambayo jina lake siku hizi hubandikwa kwenye bidhaa yoyote yenye tangawizi, ukiisoma kwa utulivu inasema jambo la kawaida zaidi na gumu zaidi kulitekeleza: msimu wa baridi ndio msimu wa kula vizuri kuliko yote, na mwili ukinyimwa chakula wakati huo huanza kujila wenyewe. Mkoa wetu una bahati ambayo mikoa mingi haina, maana kwetu baridi na mavuno huingia kwa pamoja. Bahati hiyo tunaiuza kwa kilo.

Tuanze na msimu. Kipupwe chetu ni Juni, Julai na Agosti. Mbozi na Ileje baridi haina mjadala, wala Tunduma, ambako madereva wa malori wanaosubiri kuvuka mpaka kwenda Nakonde huikuta ikiwangoja barabarani. Saza iko chini zaidi, kwenye uwanda unaoteremka kuelekea Ziwa Rukwa, na mchana jua lake huchoma kama kawaida. Lakini usiku wa Julai, anga likiwa halina wingu, joto lote la mchana hupaa, na alfajiri watu hutoka nje wamejikunyata. Mvua imeshakatika, hewa ni kavu, vumbi limesimama hewani kama moshi. Hapo ndipo virusi vya mafua hupata nafasi. Vile vya mafua ya kawaida huzaliana vizuri zaidi ndani ya pua iliyopoa kuliko kwenye joto la ndani ya mwili. Hewa kavu hukausha ute unaonasa uchafu puani na kooni. Na watu hujifungia chumba kimoja usiku kucha wakipumuliana. Wazee waliosema baridi inaleta mafua hawakukosea sana, ila baridi ina washirika.

Charaka Samhita, kitabu kikuu cha Ayurveda kilichokusanywa takriban miaka 2,000 iliyopita, kina sura nzima inayohusu majira. Mwaka umegawanywa misimu sita, na kila msimu una chakula chake, mavazi yake na mwenendo wake. Utaratibu huo wa msimu huitwa ritucharya, na ule wa kila siku dinacharya. Kuhusu baridi kitabu kinasema kwamba ubaridi wa nje huubana moto wa tumboni, unaoitwa agni, nao ukibanwa huwa mkali kuliko wakati mwingine wowote. Moto mkali unataka kuni. Ukizikosa, hugeukia majimaji ya mwili wenyewe. Ndiyo maana mtu huagizwa kula vyakula vizito na vyenye mafuta, maziwa, vitu vitokanavyo na muwa, asali, mchele mpya na maji ya moto; kujikanda kwa mafuta, ya ufuta hasa; kuvaa nguo nzito na kulala mahali penye joto.

Hatulazimiki kuamini kuna jiko tumboni. Maelezo haya ni ya watu waliokuwa wakitazama kwa makini bila vifaa, na mengine yamepitwa na wakati. Lakini ushauri umekaa vizuri kuliko sababu zake. Mwili ulio kwenye baridi hutumia nguvu zaidi kujipasha moto, na askari wa kinga wanaopambana na virusi hutengenezwa kwa protini, mafuta, zinki, chuma na vitamini, vitu vinavyoingia kwa mdomo, tena kila siku. Na kitu ninachokiona kuwa cha thamani zaidi katika sura ile ni kwamba imeanza na kalenda kabla ya dawa. Inamwambia mtu apange nyumba yake kabla kikohozi hakijabisha hodi.

Sisi tuliipokea kinyumenyume. Mwaka 2020 corona ilipoingia, taifa lilihamia kwenye viungo. Ndimu, tangawizi na vitunguu saumu vilitafutwa kila soko. Kujifukiza kulihimizwa kutoka ngazi za juu kabisa za serikali. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ilitoa kinywaji chake cha mitishamba kilichoitwa NIMRCAF. Na mwezi Mei ndege ilitumwa Madagaska kuleta dawa yao. India nayo, kupitia wizara yake ya tiba za asili, AYUSH, iliwashauri wananchi wanywe maji ya moto, maziwa yenye manjano, na walambe asubuhi chyawanprash, ile jemu nyeusi ya tunda la amla. Sina haja ya kuyachimbua tena malumbano ya wakati ule. Yaliyobaki baada yake ndiyo yanayonihusu: mazoea ya kudhani kwamba kinga humiminwa kwenye kikombe, na ikishanywewa kazi imekwisha.

Ushahidi wa vikombe hivyo ni mwembamba. Wachambuzi wa Cochrane, wanaopima majaribio ya tiba duniani, walipotafuta utafiti wa kuaminika kuhusu kitunguu saumu na mafua walipata mmoja tu, wa watu 146. Kwa wiki 12 waliomeza vidonge vya kitunguu saumu waliripoti mafua mara 24, na wenzao waliopewa vidonge vya bandia mara 65. Tofauti hiyo inavutia, lakini ni jaribio moja, na wagonjwa walijiandikia wenyewe walivyojisikia. Kuhusu mvuke, matokeo yalikwenda huku na huku, ilhali sufuria ya maji yanayochemka chini ya blanketi lenye mtoto inajulikana inavyoweza kumaliza siku. Kiini cha manjano kinachosifiwa, kurkumini, hufyonzwa kidogo sana na utumbo. Vitamini C ya vidonge haiwapunguzii watu wa kawaida idadi ya mafua, ingawa majaribio madogo ya watu waliokuwa kwenye kazi nzito za mwili au baridi kali, wakiwamo wakimbiaji wa marathoni na wanajeshi, yalionyesha mafua yakipungua kwa nusu hivi. Chai ya tangawizi inalainisha koo na inapendeza asubuhi ya Julai. Iitwe chai, inatosha.

Ushahidi mzito uko kwenye mambo ambayo hakuna anayeyatangaza kwa sababu hayana lebo. Watoto wa miezi 2 hadi 59 walioongezewa zinki walipata nimonia pungufu kwa asilimia 13. Kunawa mikono kumeonekana kupunguza magonjwa ya njia ya hewa kwa asilimia 16 hivi. Marekani, watu 153 waliojitolea kutiwa virusi vya mafua puani walifuatiliwa usingizi wao, na utafiti uliotoka mwaka 2009 ulikuta waliokuwa wakilala chini ya saa 7 waliugua karibu mara tatu ya waliolala saa 8 au zaidi. Moshi wa jikoni unakaribia kuongeza maradufu hatari ya nimonia kwa mtoto mdogo. Chanjo ya kuzuia nimonia imo kwenye ratiba ya watoto wa Tanzania tangu 2013, na hakuna mzizi wala unga utakaofanya kazi yake. Ukiyaweka haya pamoja unapata chakula, usafi, usingizi, hewa na sindano ya kliniki. Ukitoa hiyo ya mwisho, orodha inafanana mno na dinacharya.

Sasa turudi kwenye chakula, maana hapo ndipo aibu yetu ilipo. Mkoa wa Songwe hulisha watu wengine. Mahindi yake huingia kwenye maghala ya taifa na kuvuka mpaka, maharage yake yanajulikana, kahawa ya Mbozi ina jina, karanga na ufuta vinatoka wilaya za Momba na Songwe. Hata hivyo utafiti wa lishe wa kitaifa wa 2018 ulikuta watoto 43 kati ya kila 100 wa chini ya miaka mitano mkoani humu wamedumaa, wakati wastani wa nchi ulikuwa 32. Utafiti wa 2022 uliukuta mkoa umeshuka hadi karibu 32. Hiyo ni kazi kubwa, na waliohangaika nayo wapongezwe. Lakini katika utafiti huo huo, mikoa iliyoongoza kwa udumavu ilikuwa Iringa, Njombe na Rukwa, wenzetu wa nyanda za juu wenye kipupwe kama chetu na magunia kama yetu. Mtoto aliyedumaa huugua kikohozi kile kile anachougua mwenzake, ila yeye ndiye nimonia huweza kumchukua. Huwezi kumtia kinga kwa kijiko cha manjano mwezi Julai ikiwa tangu Februari amekuwa akinywa uji mweupe wa sembe na chumvi.

Itazame siku ya mauzo. Asubuhi mapema turubai limetandikwa uani, ufuta umemwagwa juu yake, akina mama wanapepeta kwa ungo. Watoto wamekatazwa kusogea kwa sababu punje moja ikidondoka mchangani haiokotwi tena. Pikipiki inasubiri. Gunia linashonwa mdomo, linapimwa, linaandikwa, linaondoka. Zilizobaki kwenye ungo, pepe na vumbi, wanamwagiwa kuku. Jioni ile chakula ni ugali na mboga ya majani yaliyochemshwa, pengine bila tone la mafuta, katika nyumba iliyoshinda na kilo mia za mbegu ambayo karibu nusu ya uzito wake ni mafuta na karibu moja ya tano ni protini. Hakuna aliyefanya kosa. Kila mmoja pale uani alifanya kazi yake sawasawa.

Mkulima atanijibu, na ana haki: ufuta ni ada ya shule, ni mbolea ya msimu ujao, ni deni la pembejeo, ni bati. Anayemwambia asiuze hajawahi kudaiwa. Hoja hiyo ni nzito na sitaizunguka. Lakini tupige hesabu. Kijiko kikubwa cha ufuta kwa mtoto kwa siku, tuseme gramu 15, kwa watoto watatu ni gramu 45. Kipupwe chote, Juni hadi Agosti, ni siku 92. Jumla ni kilo 4 na kidogo. Katika kaya inayouza magunia mawili, hizo ni kilo 4 kati ya 200. Maharage nusu kilo kwa siku kwa kaya nzima, gunia la kilo 100 linafika siku 200, yaani linavuka kipupwe na kukaribia Krismasi. Bei ambayo kaya itanunulia maharage hayo hayo dukani Januari, mvua zikiwa zimeshika na ghala likiwa tupu, kila mama anaijua. Siombi mkulima awe maskini kwa ajili ya afya. Nasema mizani ianzie ndani ya nyumba, kilo za watoto zitoke kwanza, ndipo dalali aitwe. Na kwa kuwa mara nyingi mwenye kupalilia ni mama na mwenye kupokea fedha ya mnada ni baba, mazungumzo hayo yafanyike kabla gunia halijashonwa. Baada ya hapo yanageuka ugomvi.

Kuutumia ufuta hakuhitaji cheti cha Ayurveda. Unachambuliwa, unaoshwa, unaanikwa. Sufuria kavu inawekwa kwenye moto mdogo, ufuta unakorogwa kwa mwiko bila kuachwa, na baada ya dakika chache unaanza kupasuka ukirukaruka, harufu inabadilika, rangi inageuka kama ya mchanga wa mtoni. Hapo unaepuliwa haraka, maana ukichelewa unakuwa mchungu. Ukitwangwa na chumvi kidogo unanyunyizwa kwenye mboga za majani, kwenye maboga, kwenye uji wa mtoto. Ukitiwa kwenye sukari guru iliyoyeyushwa na kukatwakatwa ukiwa moto unakuwa kashata ambayo mtoto atabeba shuleni. Majani ya maboga, matembele au mlenda yakipata mafuta hayo hutoa vitamini A yake vizuri zaidi, kwa kuwa vitamini hiyo husafiri kwenye mafuta. Wanaopata dagaa wa Rukwa waongeze dagaa. Karanga ni ndugu wa ufuta katika jambo hili, lakini zina sharti lake: zikaushwe barabara na zenye ukungu zitupwe, kwa sababu sumukuvu haina mchezo. Mwaka 2016 sumu hiyo iliwafanya watu 68 wa mikoa ya Dodoma na Manyara waugue, na kuua 20. Mifuko isiyopitisha hewa, ile iitwayo kinga njaa, husaidia kuweka nafaka salama bila dawa. Jina lake naona limekaa vizuri hata kwenye makala ya mafua.

Wapo watakaouliza tunaenda India kutafuta nini wakati wazee wetu walikuwa na yao. Swali zuri, na nusu ya jibu ni kwamba hatwendi popote. Iliki, bizari, chapati, chai yenyewe vilishaingia jikoni mwetu kwa majahazi zamani sana, na hakuna anayeomba viza kuvitumia. Nusu ya pili ni kwamba Ayurveda inajikana yenyewe ikinakiliwa bila akili. Inasisitiza kwamba chakula kifuate mahali na wakati, desha na kala kwa maneno yake. Mtu wa Saza anayefuata orodha ya vyakula vya baridi kutoka kwenye simu, iliyoandikwa kwa ajili ya Delhi, ataambiwa aanze Desemba na Januari. Kwetu hiyo ni miezi ya mvua, joto na magunia matupu. Atanunua kwa bei ya juu vyakula vya kupasha mwili unaotoka jasho, kisha Julai ikifika atakuwa amesahau. Tukichukua wazo na kuacha orodha, tunajikuta tunarudi kwa bibi zetu: waliweka mbegu, karanga na maharage kwenye vihenge, wakakausha mboga za majani ziwangoje wakati wa kiangazi, na hawakuuza mpaka wamehesabu midomo.

Pingamizi kali zaidi ni la madaktari, nami nawaunga mkono kwa sehemu kubwa. Wanasema ukimfungulia mtu mlango wa Ayurveda kwa ajili ya uji na usingizi, kesho ataingia na kupokea vidonge. Hofu hiyo ina msingi. Mwaka 2004 Robert Saper na wenzake walichapisha uchunguzi wa dawa 70 za Ayurveda zilizouzwa madukani eneo la Boston, Marekani. 14 kati yake, moja kwa kila tano, zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Baadhi ya metali hizo hazikuingia kwa uzembe. Kuna tawi la Ayurveda, rasashastra, linalotia zebaki kwenye dawa kwa makusudi, likiamini kwamba ikishachomwa na kusafishwa kwa njia maalumu hugeuka kuwa ya uhai.

Saza haihitaji somo kutoka Boston kuhusu zebaki. Iko kwenye uwanda wa dhahabu wa Lupa, ambako wachimbaji walianza kumiminika miaka ya 1920, na mgodi wa Saza wa wakati wa mkoloni ulifanya kazi hadi miaka ya 1950. Tangu hapo wachimbaji wadogo wameendelea. Mchanga uliosagwa na karasha huoshwa, huchanganywa na zebaki, kisha hukamuliwa kwenye kitambaa mpaka libaki tonge la kijivu, zito kuliko linavyoonekana. Tonge huwekwa juu ya moto. Moshi usio na rangi huondoka na zebaki, na chini hubaki njano. Moto huo ukiwa ni wa jiko la nyumbani, wanaovuta ule mvuke ni pamoja na anayenyonya. Mkataba wa Minamata, ambao Tanzania imeuridhia, ulitungwa kupunguza madhara ya zebaki, balaa hili likiwamo. Mtu anayeishi hapo, ambaye mwili wake una zebaki ya kazini, akija kuuziwa zebaki nyingine ndani ya kidonge cha kinga kwa sababu tu kina picha ya jani, atakuwa amedhulumiwa mara mbili. Kwa hiyo mpaka nauchora hapa bila kigugumizi: tuchukue kutoka Ayurveda vile vinavyopikwa na kutendwa mbele ya macho yetu, na tuache vyote vinavyokuja vimefungwa. Anayetaka dawa ya kuuzwa aulize kwanza kama imesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa chini ya sheria ya mwaka 2002, na mtoto anayepumua kwa kasi au kifua kikiingia ndani apelekwe zahanati usiku huo huo.

Kuhusu mwenendo wa siku sitakaa sana, isipokuwa kwa mambo mawili. La kwanza ni moto, ule wa kweli. Baridi inapozidi, jiko la mkaa huingizwa chumbani na dirisha huzibwa kwa gunia. Habari za watu waliolala hivyo na kukutwa wamekufa si ngeni nyanda za juu kusini. Wanaonusurika hubaki na moshi vifuani mwao, na watoto wao ndio wanaoijaza foleni ya kikohozi asubuhi. Chumba kipashwe mapema, jiko litolewe nje kabla ya kulala, na pahali pake pachukuliwe na blanketi, soksi, na bakuli la maharage yenye ufuta saa moja usiku. Ayurveda ingesema moto umehamishwa kutoka chumbani kwenda tumboni, na kwa mara moja sina neno nayo. La pili ni wachimbaji. Kijana anayelisha karasha mchana, akivuta vumbi la mawe linalochubua mapafu na kurahisisha njia ya kifua kikuu, kisha akashuka duarani, yaani kwenye shimo la mgodi, usiku na kumalizia kwa pombe kali ya kuondoa baridi, huyo hana kinga inayoweza kusemwa. Kumwagia mawe maji, kuoga na kubadili nguo kabla ya kumbeba mtoto, na kulala saa saba au nane kutamsaidia kuliko chupa yoyote. Pombe hiyo nayo humwongopea: inatanua mishipa ya ngozi, anahisi joto, kumbe ndilo linalotoka mwilini.

Juni ni mwezi wa afya na lishe ya mtoto, kama ilivyo Desemba. Watoto wa miezi 6 hadi 59 hupelekwa kupata matone ya vitamini A, walio na miezi 12 na kuendelea hupewa pia dawa ya minyoo, hali yao ya lishe hupimwa, kadi hujazwa. Kwa Songwe mwezi huo huo ndio minada ya ufuta imepamba moto, na mama aliyempakata mtoto kwenye benchi la zahanati huenda ametoka kuliona gunia lake la mwisho likipakiwa. Mhudumu humuuliza mtoto ana umri gani, ananyonya, ameharisha? Aongeze swali moja, na jibu lake aliandike kwenye kadi karibu na uzito: mmebakiza kilo ngapi?